Muundo wa fuwele wa G6PD: maana yake, na kwa nini una habari za damu

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, na G6PD (glukosi-6-fosfati dehidrojenasi) ni kimojawapo. Mtu akisikia "muundo wa fuwele wa kimeng'enya" ni rahisi kudhani kwamba mwilini kuna kimeng'enya kilichoganda kama chumvi ya mawe. Sivyo. Mwilini vimeng'enya huelea ndani ya majimaji ya seli, vikijipinda na kugongana na kila kitu. Fuwele hutengenezwa maabara tu, ili kimeng'enya kitulie kionekane. Kwa hiyo maneno hayo yanamaanisha ramani: kila atomu ya kimeng'enya imekaa wapi, kama ilivyosomwa kwa kupiga eksirei fuwele yake.

Fuwele inahitajika kwa sababu protini moja ni ndogo mno. Mwanga wa hadubini ya kawaida una mawimbi marefu kupita kiasi kwa kazi hiyo. Eksirei zina mawimbi mafupi yanayofaa, ila protini moja peke yake hutawanya miali michache sana, tena huharibika ikipigwa. Mabilioni ya nakala zikipangwa safu kwa safu, zote zikitazama upande uleule, miali inayotawanywa hujumlishwa mpaka ikapimika.

Kuzipanga ndiko kazi. Jeni ya kimeng'enya hupandikizwa kwenye bakteria, bakteria wakakizalisha kwa wingi, kikachujwa hadi kibaki chenyewe, kisha tone lake likaachwa lipoteze maji polepole. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi ya pwani anaijua kanuni: maji yakikauka kwa utulivu, punje hujipanga zenyewe. Tofauti ni kwamba chumvi ni mtiifu na protini ni jeuri. Mara nyingi mtafiti hujaribu mamia ya michanganyiko na kuambulia uji mweupe.

Fuwele ikipatikana, eksirei huipitia na kuacha madoa kwenye kipokezi. Kutoka kwenye madoa hayo hesabu hutoa wingu la elektroni, na ndani ya wingu hilo mtaalamu hupitisha mnyororo wa protini kama anayetunga shanga. Napenda kulisisitiza hili kwa sababu zile picha za rangi za utepe uliojiviringisha huwadanganya wengi: hiyo si picha iliyopigwa kwa kamera, ni tafsiri ya wingu. Ubora wake hupimwa kwa angstromu, ambayo ni sehemu moja ya bilioni 10 za mita. Namba ikiwa ndogo, ramani ni kali zaidi. Kwenye angstromu 3 njia ya mnyororo huonekana vizuri, lakini atomu moja moja hazijitengi.

Sasa tuichukue ramani moja yenye kazi ya kweli. G6PD ni kimeng'enya kilichomo katika kila seli ya binadamu. Huichukua glukosi iliyokwisha kubandikwa fosfati na kuipeleka kwenye njia ya pembeni, na katika kufanya hivyo huigeuza molekuli ndogo iitwayo NADP kuwa NADPH. NADPH ndiyo ngao ya seli dhidi ya kemikali za oksijeni zinazounguza. Seli nyingine zina njia nyingine za kuipata. Chembe nyekundu ya damu haina. Inategemea njia hii peke yake. G6PD ikipungua, mtu anaweza kuishi miaka bila kujua, mpaka ameze primakwini, dawa ya malaria, au ale maharage ya fava, yale ambayo Waarabu huyaita ful. Hapo chembe hupasuka, macho yanageuka manjano na mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola.

Upungufu huu unakadiriwa kuwagusa zaidi ya watu milioni 400 duniani, hasa Afrika, Mediterania, nchi za Ghuba na Asia. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaume huonekana kuumia zaidi. Ulitambuliwa mwaka 1956 huko Marekani, katika majaribio ya primakwini kwa wafungwa, na miaka michache baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliuchunguza kwa watu wa Afrika Mashariki na kuuhusisha na kinga dhidi ya malaria.

Ramani ya G6PD ya binadamu ilitolewa mwaka 2000 na kundi la Margaret Adams, Oxford, kwa ukali wa angstromu 3. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba haikuwa ya kimeng'enya cha kawaida. Ilikuwa ya aina yenye kasoro iitwayo Canton, inayopatikana sana kusini mwa China, ambayo katika nafasi ya 459 ya mnyororo, asidi amino iitwayo arjinini imebadilishwa na nyingine, leusini.

Mnyororo una asidi amino 515, ndizo shanga zake, na mmoja peke yake haufanyi kazi. Lazima iungane miwili, au minne. Hilo lilijulikana. Kilichojitokeza wazi kwenye ramani ni mahali pa NADP ya pili. Ile ya kwanza hukaa kwenye kitovu cha kazi, yaani pale sukari inapogeuzwa, hutumika ikaondoka. Hii nyingine imejichimbia mbali na kitovu, karibu na pale minyororo miwili inaposhikana, na haishiriki kabisa katika kugeuza sukari. Kazi yake ni kushikilia, kama kigingi cha hema. Ramani ya G6PD ya bakteria, iliyotangulia mwaka 1994, haikuwa nayo.

Kigingi hicho kilitoa jibu la swali la zamani. Madaktari walikuwa na orodha ndefu ya kasoro za jeni hii, na mtu angetarajia zile mbaya kuliko zote ziwe kwenye kitovu cha kazi. Zilipowekwa juu ya ramani, nyingi za zile zinazopasua damu mfululizo, hata bila dawa wala maharage, zilijikusanya karibu na kigingi na kwenye maungio ya minyororo. Kwa hao, kisu hakijapoteza makali. Mpini ndio umelegea.

Kwa aina iliyozoeleka Afrika, iitwayo A-, kuna mabadiliko mawili: moja nafasi ya 68, jingine ya 126. Hilo la pili likiwa peke yake halileti shida ya maana. Yakikutana, kimeng'enya kinakuwa dhaifu na huharibika mapema. Kwa kawaida nguvu ya G6PD ndani ya chembe nyekundu hupungua nusu kwa siku 62 hivi. Kwa A- ni siku 13 hivi. Na chembe nyekundu huishi siku 120 bila kiini, hivyo haiwezi kuunda kimeng'enya kipya. Chembe changa bado ina ngao, kuukuu imebaki uchi.

Hapa ramani inakuja hadi kwenye kitanda cha mgonjwa. Dawa ikishapasua chembe zake, zilizokufa ni zile kuukuu, na uboho hukimbilia kumwaga changa zenye kimeng'enya tele. Akipimwa siku hizo, majibu yanaweza kusema hana upungufu. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa, chembe zikishazeeka tena.

Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitangaza molekuli ndogo waliyoipa jina AG1. Haigusi kitovu cha kazi. Huisaidia minyororo miwili ishikane, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha inajitandaza kama daraja kati ya zile sehemu mbili za vigingi. Kwenye maabara iliongeza nguvu ya G6PD ya Canton, aina ileile ambayo ramani ya kwanza ilichorwa kwayo.