Freddie ni "mtu wetu", sawa, lakini hayo mengine mmeyatoa wapi?

Mombasa ukitaja roki maskani utachekwa, watu ni taarab na bango, ila ukimtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kila mtu ghafla ni mjuzi, "si yule wa Unguja bana". Kuzaliwa alizaliwa Unguja kweli, 1946, jina Farrokh Bulsara. Balaa ni yanayofuata hapo, haswa kuhusu ile albamu ya Queen ya 1975, A Night at the Opera.

Ati Bohemian Rhapsody, wimbo wa albamu hiyo, ni wa dini kwa vile mna "Bismillah" ndani. Jamani, kwao walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, si Waislamu, na yeye mwenyewe mpaka anafariki 1991 maana ya ule wimbo alikataa kuieleza. Anayekwambia aijua, muulize kaambiwa na nani.

Halafu kile kipande cha opera humo ndani, "ile ni kwaya walikodi". Wapi! Ni sauti za watu watatu wa bendi, Freddie, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma, waimba warekodi, waimba tena juu ya ile ya kwanza, na tena na tena, karibu wiki tatu kwa kipande hicho tu, na wakati huo kompyuta studio hamna, ni tepu za njia 24, kila njia yabeba sauti yake, zikijaa zote wazikusanya kwa njia chache ndio wapate nafasi ya kuendelea, hadi tepu yenyewe ikachakaa. Hata ile bendi ya matarumbeta mnayoisikia kwa Good Company, wimbo mwingine wa albamu hiyo, ni gitaa la May, na kwa jalada waliandika kabisa kuwa hawakutumia sinthesaiza, kile kinanda cha umeme cha kuiga sauti za ala.

Kubwa zaidi: "nyimbo zote katunga Freddie". Wote wanne walitunga. You're My Best Friend ni ya John Deacon, mpiga besi wao, kamtungia mkewe, na kwa sababu Freddie hakutaka kugusa piano ya umeme Deacon akaicheza mwenyewe. Ya Freddie mojawapo ni Death on Two Legs, na hapa nasema sisi wa taarab twaielewa kuliko Wazungu, kile ni kijembe kitupu cha meneja wao wa zamani, jina halikutajwa popote, kichwa cha wimbo chasema tu umetolewa kwa ajili ya... kisha nukta nukta. Mwenyewe akajijua, akaenda kwa mawakili!

Na ule wimbo '39 wengi wadhani ni ya vita vya 1939 kwa vile yasikika kama wimbo wa mababu. Ni ya wasafiri wa anga, wao wakaona mwaka mmoja tu, kurudi nyumbani wakakuta imepita miaka mia. Katunga May, ambaye kabla ya umaarufu alikuwa asomea elimu ya anga na PhD yake akaja kuimaliza 2007.