Umerukwa cheo? Hiyo barua ya kuacha kazi isubiri kwanza

Tangu Julai ianze, ofisini kwetu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) hapa Dodoma tunapokea watu wenye malalamiko yanayofanana mpaka unaweza kudhani wamekaa kikao kabla ya kuja. Mtu yuko kwenye kampuni miaka sita, saba, nafasi ya juu yake kaikaimu mwaka mzima bila hata posho, nafasi ikatangazwa, akapewa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine yeye ndo aliyemfundisha kazi. Kaumia, na ana haki ya kuumia. Shida ni kwamba anapotufikia anakuwa keshaacha kazi: barua kaiandika usiku kwenye simu, asubuhi kaipitisha steshenari wakaprinti, kaiacha mapokezi bila hata kusainiwa nakala, alafu ndo anakuja kutuuliza "hapa nina haki gani?" Jamani, hiyo ni kama kumpeleka maiti hospitali unaomba awekewe dripu.

Niseme mapema haya ni maelezo ya jumla, kila shauri linaamuliwa kwa ushahidi wake, kwahiyo mtu asije dirishani na nakala ya makala hii akasema afisa alishaamua.

Tuanze na linalowakera wengi. Kutopandishwa cheo peke yake sio kesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kifungu kinachosema ukifikisha miaka mitano lazima uwe supavaiza. Mwajiri ana uhuru wa kuchagua, hata akichagua vibaya. Inaanza kuwa kesi kama kuna ahadi iliyoandikwa, iwe kwenye mkataba wako, kwenye kanuni za kampuni au kwenye mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, alafu mwajiri kaivunja. Au kama kuna ubaguzi. Na ubaguzi una maana yake, sio kila ukikosa kitu: sheria inataja vitu kama kabila au unakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kuishi na VVU, umri na vingine, na inasema wazi kupandishwa cheo ni mojawapo ya maeneo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua. Ni kosa kisheria.

Sasa mtu anakuja anakwambia "bosi ni wa kwao, na aliyepewa ni wa kwao". Sawa, na wewe una nini mkononi? Kuwa kabila moja na bosi sio ushahidi, hapa mjini saivi kila ofisi ina Wagogo, Wasukuma, Wachaga, Warangi, ukitafuta huo uhusiano huwezi kuukosa. Ila usikate tamaa mapema, maana wengi hawajui hili: ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo atatakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Mfano aliyerudi likizo ya uzazi akaambiwa kwenye usaili, mbele ya watu wawili, kwamba nafasi ile inataka mtu "asiye na mambo mengi nyumbani". Hiyo sentensi iandike siku hiyohiyo, na tarehe, na nani alikuwepo. Inaweza kuwa na uzito kuliko kurasa kumi za manung'uniko.

Kuna dada mmoja alikuja mwezi wa nane, nabadilisha kidogo asijulikane. Anafanya kazi hoteli, miaka saba, mapokezi, nafasi ya meneja wa zamu kapewa kijana aliyeingia juzi tu. Alikuja na bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani, ndani mna barua ya kuacha kazi aya moja, imeandikwa kuanzia leo nimeacha kazi kwa notisi ya saa 24 na nitachukua hatua za kisheria. Nikamuuliza umeshaipeleka? Akasema bado, nataka nikitoka hapa nipitie kuitupa. Nikamwambia kaa.

Hii saa 24 sijui nani aliwafundisha. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7, anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Notisi inakuwa ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo, kwahiyo ule ujanja wa kuomba likizo ya siku 28 alafu ukaiita notisi haupo. Na ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kipindi hicho. Yani unaondoka kwa hasira na unaacha mshahara wa karibu mwezi mzima mezani, alafu mwezi unaofuata unakuja kwetu kulalamika umekatwa.

Nikamuomba mkataba. Akautoa kwenye simu, picha imekatwa pembeni, nikamwambia zungusha, kuza, hapo hapo. Mkataba wa miaka miwili, kila ukiisha unahuishwa, umebakiza miezi minne. Hapa ndo watu wengi wanaumia bila kujua, kwasababu mkataba wa muda maalum haujiondokei tu hata kwa notisi ya siku 28. Kanuni za ajira za 2007 zinasema unaweza kuacha kabla ya muda kama mwajiri kavunja mkataba kwa kiwango kikubwa, kama hajavunja basi mkubaliane naye kuumaliza mapema. Tofauti na hapo mvunja mkataba ni wewe. Kunyimwa umeneja wa zamu ambao haukuwa umeahidiwa popote sio yeye kuvunja mkataba.

Akaniuliza lile swali ambalo kila mtu analo: "Si naweza kusema wamenilazimisha kuacha?" Ndiyo, kitu hicho kipo, kuacha kazi kwa sababu mwajiri kafanya mazingira yasivumilike, sheria inakihesabu kama kaachisha yeye. Lakini mlango wake mwembamba. Utaulizwa mwajiri alifanya nini hasa, na utaulizwa ulitumia njia za ndani za malalamiko kabla ya kuondoka, na kama hukuzitumia ulikuwa na sababu gani ya maana. Kama jibu lako ni "niliona hawatanisikiliza", shauri lako limeanza kuchechemea kabla hatujafungua faili. Unyanyasaji wa kingono ambao uongozi uliujua ukanyamaza ni habari nyingine. Kumuona mdogo wako kikazi amekaa kwenye kiti ulichokitaka inauma ndiyo, ila mara nyingi haifiki huko.

Tukapiga hesabu pale pale nyuma ya bahasha. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwake mwajiri akikubali ile miaka saba kuwa ni ajira moja mfululizo ni siku 49. Lakini hicho kinalipwa mwajiri akikuachisha, sio wewe ukiacha. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Kinachobaki ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama hukuajiriwa hapa. Michango yako NSSF haipotei, inaendelea ukipata mwajiri mwingine, ila kama mpango wako ulikuwa kuacha kazi Ijumaa na Jumatatu kuchukua michango yote ufungue duka Nkuhungu, kawaulize wenyewe kwanza kabla hujaacha. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara nao hauishi kwasababu umekasirika.

Alinyamaza muda. Alafu akasema kwahiyo nikae tu niwe namwita yule mtoto bosi?

Sikusema hivyo. Kuacha kazi ni haki yako, na kuna sehemu kweli ukikaa unazeeka bure. Ninachosema uamuzi wa kuondoka na madai ya kuonewa ni vitu viwili, msivifunge kwenye barua moja. Kama unadai kuonewa, dai ukiwa ndani. Andika barua fupi ya kuuliza: vigezo vilikuwa vipi, mimi nilipungukiwa wapi, lini nafasi kama hii itatokea tena. Nakala isainiwe na muhuri wa kupokelewa. Kama mna tawi la chama mpe nakala, CHODAWU kwa watu wa mahoteli, TUICO kwa viwanda na biashara. Jibu utakalopewa, au ukimya, ndo litakusaidia kuamua, maana kuna mwajiri atakwambia kozi fulani huna na kuna mwingine atakujibu "menejimenti imeamua", na hapo mwenyewe utajua.

Siku zinahesabiwa lakini. Mgogoro wa kuachishwa kazi, pamoja na huo wa kulazimishwa kuacha, unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, hata wa ubaguzi kwenye cheo, ni siku 60 tangu ulipotokea. Unajaza fomu CMA F.1, unampelekea mwajiri nakala kwanza na kupata uthibitisho kwamba kapokea, ndo unaileta kwetu, na unafungua pale mgogoro ulipotokea, wa Singida afungue Singida, sio ukiwa Dodoma kwa shemeji unafungua Dodoma. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa kiapo, unaeleza kila siku ya kuchelewa ulikuwa wapi, na "nilikuwa naendelea kutafakari" haijawahi kuwa sababu nzuri.

Watumishi wa umma, na mko wengi kuanzia mji wa serikali Mtumba mpaka halmashauri za pembeni, nyie msituanzie sisi. Tangu marekebisho ya 2016 sheria yenu inataka mmalize kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kugusa sheria za kazi. Na daraja lenu linategemea muundo wa utumishi, ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa), bajeti na taarifa zenu za utendaji, saivi mnazijaza kwenye mfumo wa PEPMIS, kwahiyo aliyeacha kujaza mwaka mzima asianze kwa kusema afisa utumishi anamchukia. Waliokwama vyeo kipindi kile cha uhakiki wa watumishi 2016 najua bado kidonda kibichi, ile ilisimamisha watu nchi nzima, haikuwa bosi mmoja.

Yule dada bahasha aliondoka nayo. Barua aliyopeleka ilikuwa ya kuuliza, mistari sita. Alijibiwa baada ya wiki mbili, kwamba nafasi imeshajazwa na anashukuriwa kwa uvumilivu wake. Akamalizia miezi yake minne, akakataa kuhuisha mkataba, na juzi kapita kuniuliza kama cheti cha utumishi mwajiri anaruhusiwa kukaa nacho mpaka arudishe sare. Haruhusiwi. Na sare arudishe.