Kuzama si kuzubaa

Imezoeleka tangu zamani, nyumbani na shuleni, kwamba mtoto akiitwa mara mbili asiitike, huku macho yake yakiwa kitabuni, huambiwa amezubaa. Neno hilo linamwonea. Kuzubaa ni hali ya akili isiyoshika jambo lolote, mtu akawa anatazama bila kuona. Kuduwaa ni kupigwa na mshangao. Na kughafilika, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kupitiwa na jambo lililompasa mtu kulikumbuka. Aliyezama katika mawazo au katika kazi yuko kinyume kabisa na hao, kwa kuwa ameipeleka akili yake yote mahali pamoja. Ndiyo maana, kwa maana hii, kitenzi "kuzama" hutaka kutajiwa mahali: ukisema tu "amezama", msikilizaji atadhani kuna mtu amepotelea majini, ilhali "amezubaa" hujitosheleza.

Kinachowachanganya watu ni dalili moja ya nje, yaani kutosikia wala kuona yaliyo kando. Katika jaribio la wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris, lililochapishwa mwaka 1999, watazamaji waliagizwa wahesabu pasi za mpira wa kikapu katika filamu fupi, na takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akipita katikati ya wachezaji. Hawakuwa wamezubaa hata kidogo. Walikuwa wamezama katika kuhesabu, kama mtoto yule alivyozama kitabuni.