Ormolu ni nini?

Kinara cha mshumaa cha Kifaransa cha miaka ya 1780 hung'aa kama dhahabu tupu, lakini ndani yake ni aloi ya shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Dhahabu iko juu tu, mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kazi hiyo ndiyo ormolu, jina lililotokana na Kifaransa or moulu, dhahabu iliyosagwa. Wafaransa wenyewe husema bronze doré.

Wengi huichanganya na dhahabu ya kuchovya. Sivyo: kuchovya kwa umeme kulishika viwandani kuanzia miaka ya 1840, ilhali ormolu ilipakwa kwa zebaki na kuchomwa. Kinara kilimiminwa vipande vipande kwenye kalibu ya mchanga, kikachongwa kwa tindo ndogo, kikasafishwa kwa asidi. Fundi akayeyusha dhahabu ndani ya zebaki ya moto, takriban sehemu moja kwa nane, ikawa uji mzito kama siagi, akaukamua kwa ngozi laini ili zebaki iliyozidi itoke. Uji ukapakwa kwa brashi ya nyaya, kisha kinara kikawekwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki imeshikamana na shaba. Palipoguswa na kidole chenye mafuta uji haukushika, ikabidi kurudia. Mvuke huo uliwaharibu mafundi: mikono ikatetemeka, meno yakalegea, wengi wakafa mapema.

Uzuri wenyewe uko kwenye umaliziaji. Tazama nguzo ya kinara yenye mifereji: kingo zimesuguliwa kwa jiwe la akiki hadi zikang'aa, na kina cha mifereji kimeachwa kimefifia kama vumbi la dhahabu. Fundi Mfaransa Pierre Gouthière (1732–1813) alisifika sana kwa dhahabu hii isiyong'aa. Bila tofauti hiyo ya mng'ao, mapambo ya shanga na ya majani ya akantho (mmea wa majani yenye meno) huonekana bapa.

Ukitaka kukagua, geuza kinara. Dhahabu ilikuwa ghali, kwa hiyo chini ya kitako kwa kawaida shaba iko wazi, na dhahabu imetapakaa ukingoni tu. Ikiwa imeenea sawasawa hadi ndani kabisa, shuku kuchovya kwa umeme. Ukikuta muhuri wa herufi C yenye taji, kumbuka ulikuwa wa kodi ya Ufaransa ya vitu vya shaba, 1745 hadi 1749, kabla mtindo huu wa nguzo na mashada haujaenea. Kwenye kinara cha namna hii unatia mashaka.

Nta iliyoganda ilainishe kwa maji ya vuguvugu, uiondoe kwa kijiti cha mti, si kisu. Vumbi lifute kwa brashi laini. Dawa ya kung'arishia shaba usiiguse kabisa: ina chembe zinazokwaruza, na kila ukisugua unaondoka na dhahabu. Shaba hutokeza kwanza kwenye vichwa vya shanga na kwenye pembe za kitako.