Alama za bonasi katika spidwei: asiyeshindwa hata mara moja alivyokuwa wa tatu duniani

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1936, uwanjani Wembley jijini London, mbele ya watu 74,000, dereva wa Australia aitwaye Arthur Wilkinson alishindana mara tano na mara zote tano akamaliza wa kwanza. Wenzake walimwita Bluey, yaani wa bluu, kwa sababu nywele zake zilikuwa nyekundu. Huo ndio utani wa Waaustralia. Ilikuwa fainali ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa spidwei, na hakuna mtu aliyemtangulia kufika mwisho. Matokeo yalipotangazwa, Bluey alikuwa mshindi wa tatu.

Kilichomwangusha kinaitwa alama za bonasi. Ni dhana fupi kuieleza, lakini ili uone ilivyofanya kazi usiku ule lazima kwanza uujue mchezo wenyewe, maana kwetu haujulikani sana.

Spidwei ni mbio za pikipiki kwenye njia fupi yenye umbo la yai, iliyomwagwa kokoto laini. Madereva wanne wanajipanga nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne wakikata kushoto tu, na baada ya dakika moja na ushei kazi imekwisha. Pikipiki haina breki. Ukisikia hivyo mara ya kwanza unadhani ni mzaha wa kijiwe cha bodaboda, lakini ndivyo ilivyo: ukifika kwenye kona unalilaza pikipiki, unaliachia gurudumu la nyuma liteleze kuelekea nje, na mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, unauburuza chini. Enzi za akina Bluey injini ilikuwa ya cc 500, ikinywa methanoli badala ya petroli.

Wa kwanza anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka kapa. Fainali ya zamani ilikuwa na madereva 16 na mbio 20. Kila mmoja alishindana mara tano, na kila mara alikutana na watu watatu wapya, kwa hiyo hadi usiku unakwisha amekutana na wenzake wote 15, kila mmoja mara moja tu. Mpangilio huo ni mzuri kuliko unavyoonekana. Hakuna wa kusema alipangiwa wagumu watupu. Ukishinda zote unapata 15, na anayepata 15 amempiga kila mtu aliyekuwamo.

Sasa bonasi. Kabla ya Wembley kulikuwa na raundi za mchujo miezi ya kiangazi, kwenye viwanja vya klabu za ligi kuu ya Uingereza. Kwa kawaida mchujo ukikuvusha, alama zake zinabaki hukohuko. Fainali inaanza sifuri kwa sifuri. Waandaaji wa 1936 hawakutaka hivyo. Walichukua alama za mchujo, wakazipunguza kwa kipimo chao, na kila dereva akaingia fainali akiwa na akiba mkononi. Akiba hiyo ndiyo bonasi. Aliyesoma sekondari Tanzania hahitaji maelezo marefu: ni zile alama za mazoezi ya darasani zinazojumlishwa na mtihani wa mwisho. Kuna mtu anaingia chumba cha mtihani tayari ana kitu mfukoni, na kuna anayeingia akijua kwamba hata akijibu maswali yote sawasawa, bado kuna hesabu ya nyuma.

Hoja ya waandaaji haikuwa ya kipuuzi. Usiku mmoja ni kitu kidogo sana cha kumpimia bingwa wa dunia. Plagi ikizingua, mnyororo ukikatika, au ukipangwa upande wa njia uliokwisha kuchimbika, msimu wako wote umeliwa. Isitoshe, bila bonasi nani angejituma kwenye raundi za mchujo baada ya kujua amekwisha kufuzu? Mashabiki walilipa viingilio huko pia. Mimi binafsi naiona hoja hiyo kuwa ya haki kabisa mpaka pale unapoiweka kwenye tarakimu.

Tarakimu ni hizi. Eric Langton wa Belle Vue, klabu ya Manchester, aliingia na bonasi 13. Lionel Van Praag, Mwaustralia aliyekuwa dereva wa klabu ya Wembley yenyewe na hivyo alikuwa nyumbani, aliingia na 12. Bluey, wa West Ham, klabu nyingine ya London, alikuwa na 10. Usiku ule Langton akapata 13, Van Praag 14, Bluey 15. Jumlisha: Langton 26, Van Praag 26, Bluey 25.

Wengi huishia hapo na kusema alionewa. Lakini tazama kwa karibu, kuna jambo baya zaidi ndani yake. Van Praag alipata 14, maana yake alipoteza alama moja tu usiku mzima. Na kwa kuwa kila mtu alikutana na kila mtu, na Bluey hakushindwa na yeyote, alama hiyo moja aliipoteza kwa Bluey. Langton naye alipoteza mbili, na kwa hesabu hiyohiyo waliomtangulia ni hao wawili, hakuna mwingine. Kwa maneno mengine, Bluey alikutana na wapinzani wake wa kweli, akawapiga wote wawili ana kwa ana, na bado hakuwafikia.

Sababu ni kwamba ukimshinda mtu akawa wa pili nyuma yako, unamzidi alama moja tu: wewe 3, yeye 2. Van Praag alimtangulia Bluey kwa bonasi mbili. Bluey alikuwa na nafasi moja tu ya kukutana naye, na nafasi hiyo ilimpa alama moja. Alama ya pili haikuwa mikononi mwake. Alihitaji mtu mwingine, yeyote kati ya wale 14 waliobaki, ampige Van Praag japo mara moja, na kama ingekuwa hivyo wangelingana tu, bado wasingeachana. Hakuna aliyeweza. Hapo ndipo bonasi ilipopita mpaka: ilitengeneza pengo ambalo dereva asingeweza kulifuta hata kwa kufanya kila alichotakiwa kufanya bila kosa. Kumtuza mtu kwa msimu mzuri ni sawa. Lakini fainali ambayo ushindi wa asilimia mia hautoshi, tena huku waliokupita umewapiga, imekuwa fainali ya jina.

Na usiku haukuwa umekwisha. Langton na Van Praag walilingana 26 kwa 26, kwa hiyo ikaitishwa mbio ya kuamua, watu wawili tu, mizunguko minne. Fikiria waliokuwa jukwaani: wanaangalia wawili wakigombea ubingwa wa dunia, na wote wawili wameshindwa na mtu yuleyule usiku huohuo, na mtu huyo hayumo njiani.

Langton aliuvaa utepe kabla haujapanda, akaukata. Kwa kanuni, anayekata utepe anatolewa, na Van Praag angekuwa bingwa bila kuzunguka hata nusu duara. Alikataa. Akasema hataki ubingwa wa mezani, mbio ianze upya. Ikaanza. Langton akawahi kona ya kwanza na akaongoza mizunguko yote hadi kona ya mwisho kabisa, na hapo Van Praag akapenya kwenye upenyo mwembamba, akamtangulia kwa chini ya urefu wa gurudumu.

Ingekuwa imeishia hapo, tungesema ni hadithi ya uungwana. Lakini baadaye ikasemwa kwamba wawili hao walikuwa wamepatana kabla ya mbio: atakayewahi kona ya kwanza ndiye aachiwe ashinde, na fedha za zawadi wagawane. Langton aliwahi kona ya kwanza. Van Praag hakumwachia. Na inasimuliwa kwamba mara baada ya mbio Van Praag alimlipa Langton pauni 50, fedha ya kutuliza dhamiri kwa kuvunja mapatano.

Hiyo ni tuhuma, na itabaki tuhuma. Ila ukiiweka kando ya tukio la utepe, yote mawili yanabadilika sura. Kama kweli mapatano yalikuwapo, basi mbio ile haikuwa ya mizunguko minne, ilikuwa ya kona moja. Na mtu ambaye ubingwa wake wote uko kwenye kona ya kwanza ndiye hasa atakayeuvamia utepe. Na ule ukarimu wa Van Praag wa kukataa ubingwa wa mezani unasomeka kwa namna mbili. Huenda ulikuwa uungwana mtupu. Huenda pia mtu aliyepatana na mwenzake aliona haya kuchukua chote kwa kosa la utepe, kisha dakika moja baadaye, upenyo ulipofunguka mbele yake na Wembley nzima inapiga kelele, mkono wa gesi ukasahau mapatano. Mimi naegemea kwenye maelezo hayo ya pili, lakini sikulazimishi. Van Praag hakuwa mtu wa kumweka kwenye kapu moja: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa rubani, ndege yake iliangushwa baharini, na kwa kuwashikilia majeruhi wenzake wasizame huku akiwafukuza papa alitunukiwa Nishani ya George, tuzo ya Uingereza ya ushujaa.

Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba bonasi ndiyo iliyoitengeneza mbio hiyo. Bila bonasi, hakuna sare, hakuna utepe uliokatwa, hakuna pauni 50 za kusimuliwa. Kuna bingwa mwenye alama 15 na usiku unaisha mapema.

Waandaaji hawakuiacha mara moja. Mwaka 1937 bonasi ilikuwapo tena lakini haikumuumiza mtu, kwa sababu Jack Milne wa Marekani alishinda mbio zake zote tano na alikuwa pia na bonasi nono, akafikisha 28. Wamarekani walichukua nafasi zote tatu za juu mwaka huo. Kanuni mbovu ina tabia hiyo: ikikutana na mwaka mzuri, hakuna anayeilalamikia.

Mwaka 1938 Bluey akarudi. Safari hii alishindwa mara moja, akapata 14 uwanjani, na pamoja na bonasi akafikisha 22, Jack Milne akiwa na 21. Bingwa wa dunia. Aliposhinda zote alikuwa wa tatu, aliposhindwa moja akawa wa kwanza; ukitafuta mfano mmoja wa kumweleza mtu bonasi ni nini, mchukue Bluey na misimu yake hiyo miwili. Hakuufaidi ubingwa huo muda mrefu. Mwaka 1940 alifariki katika ajali ya barabarani huko Sydney.

Mwaka 1939 kanuni ilionyesha sura yake ya ajabu kuliko zote. Mchujo ulikwisha, bonasi zikagawiwa, Cordy Milne, mdogo wake Jack, akawa anaongoza. Fainali ilipangwa Septemba. Vita vikaanza siku za mwanzo za mwezi huohuo, fainali ikafutwa. Palikuwa na akiba bila mtihani, na mwaka huo ukabaki bila bingwa.

Swali ambalo bonasi ilijaribu kulijibu, la usiku mmoja dhidi ya msimu mzima, halikufa nayo. Fainali ya usiku mmoja iliendelea hadi 1994, na watu waliendelea kulalamika kwamba plagi moja mbovu inaweza kumnyima mtu mwaka. Kuanzia 1995 ubingwa ukawa mfululizo wa mashindano ya Grand Prix katika nchi mbalimbali, alama zikijumlishwa hadi mwisho. Yaani msimu mzima ukawa ndio mtihani, na hiyo ni njia ya wazi zaidi ya kupata kile ambacho watu wa 1936 walikitaka. Hata huko kisirani cha zamani kilichungulia: kwa miaka mingi mtu aliweza kushinda Grand Prix ya usiku huo na bado akaondoka na alama chache kuliko mtu aliyemwacha nyuma, kwa sababu alama za mbio za awali zilihesabiwa. Mwaka 2020 wakabadilisha, alama zikatolewa kwa nafasi ya mwisho: mshindi 20, wa pili 18, na kushuka.

Fainali ya dunia ya kwanza baada ya vita ilifanyika 1949, palepale Wembley. Raundi za mchujo zilikuwapo, lakini safari hii zilimvusha mtu tu, hazikumpa akiba. Mwingereza Tommy Price, dereva wa klabu ya Wembley kama alivyokuwa Van Praag, alishindana mara tano, akashinda zote tano, akapata 15. Hapakuwa na cha kujumlisha, wakampa kombe.