Mkokoteni nao unamsukuma hamali: kwa nini basi unakwenda?

Swali hili huulizwa na mwanafunzi anayefikiri. Hamali anausukuma mkokoteni. Kanuni ya tatu ya mwendo inasema mkokoteni nao unamsukuma hamali kwa kani (yaani msukumo au mvuto) iliyo sawasawa, upande wa pili. Kani mbili zilizo sawa na zilizokabiliana si hufutana? Na kama zinafutana, saruji inatokaje gatini mpaka ikafika mtaa wa Langoni, hapa Lamu?

Hazifutani, kwa sababu haziko juu ya kitu kimoja. Moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya hamali. Kani hujumlishwa au kutolewa zikiwa juu ya kitu kimoja tu. Makosa mengi ninayoyaona katika madaftari ya fizikia yanatoka hapa. Mwanafunzi huchora mkokoteni, mtu na ardhi katika mchoro mmoja, mishale kumi inaelekea huku na kule, kisha anaanza kutoa na kujumlisha mishale isiyohusiana.

Tuweke tarakimu. Mkokoteni mtupu una kilo 40, umepakiwa mifuko minne ya saruji ya kilo 50, jumla kilo 240. Hamali ana kilo 60. Njia ni tambarare. Anasukuma kwa nyutoni 180 (nyutoni ni kipimo cha kani), na ukinzani wa magurudumu na ekseli ni nyutoni 120.

Chora mkokoteni peke yake. Mbele kuna 180, nyuma kuna 120, zinabaki 60. Kanuni ya pili inasema kani inayobaki ni sawa na tungamo (zile kilo za kitu) mara mchapuko (kiasi kasi inavyobadilika kila sekunde), kwa hiyo mchapuko ni 60 kugawanya kwa 240, yaani mita 0.25 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde 4 mkokoteni ulioanza ukiwa umesimama unakwenda mita 1 kwa sekunde. Anayesahau ukinzani hugawanya 180 kwa 240, akapata 0.75, mara tatu ya jibu sahihi. Mtahini huliona kosa hilo kabla hajamaliza kuusoma mstari.

Sasa futa, umchore hamali peke yake. Mkokoteni unamsukuma nyuma kwa 180. Naye anakwenda mbele kwa mchapuko ule ule wa 0.25, kwa hiyo kani inayobaki juu yake lazima iwe 60 mara 0.25, yaani nyutoni 15 kuelekea mbele. Basi kuna kitu kinachomsukuma mbele kwa nyutoni 195. Kitu gani? Ardhi. Miguu yake inaisukuma ardhi nyuma, na ardhi inamsukuma yeye mbele. Wengi hushangaa kwamba kani inayompeleka hamali mbele ni msuguano, kwa sababu wamezoea kuuhesabu msuguano kama adui wa mwendo.

Hakikisha kwa kuwachukua wote wawili kama kitu kimoja cha kilo 300. Ardhi inasukuma mbele 195, ukinzani wa magurudumu ni 120, zinabaki 75. Gawanya kwa 300, unapata 0.25 tena. Zile 180 hazionekani kabisa katika hesabu hii, maana zimekuwa mambo ya ndani. Jibu lisipolingana kwa njia zote mbili, umeacha mshale mmoja mahali.

Hapo ndipo inaeleweka pia kwa nini mtu mwenye misuli hashindi matope. Uzito wa hamali ni karibu nyutoni 600, ukitumia 10 kwa kila kilo kama mitihani mingi inavyoruhusu (thamani iliyo karibu zaidi ni 9.8). Ili apate 195, msuguano kati ya miguu na ardhi lazima uweze kufika karibu theluthi moja ya uzito wake. Juu ya saruji kavu hilo si tatizo. Kwenye matope maji yakiwa yamekupwa, msuguano unaweza kuwa mdogo kuliko huo, na miguu inateleza nyuma hata kama mikono ina nguvu ya kutosha.

Mkokoteni ukishafika mwendo anaoutaka, hamali hupunguza msukumo mpaka nyutoni 120. Kani inayobaki ni sifuri, na mkokoteni unaendelea kwa mita 1 kwa sekunde. Watu huikataa kanuni ya kwanza hapa, ile isemayo kitu huendelea na mwendo wake ule ule kani zikilingana: "Kama hakuna kani, mbona unakwenda?" Kani zipo, ila zimelingana. Kani inayobaki haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda, inahitajika ili kibadilishe kasi au mwelekeo. Jahazi lililotweka tanga katika kusi ya kutulia liko vivyo hivyo: msukumo wa tanga umelingana na ukinzani wa maji. Ukinzani huo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, ndiyo maana jahazi haliongezi mwendo bila kikomo. Nahodha hutua tanga mapema kabla ya kufika gatini, kwa sababu chombo kilichopakia kina tungamo kubwa na maji huchukua muda kukipunguza kasi.

Kuruka kutoka dauni ni kanuni ya tatu bila mapambo. Mtu wa kilo 60 akilisukuma dau la kilo 240 kwa wastani wa nyutoni 120, kwa nusu sekunde, yeye anapata mita 1 kwa sekunde kuelekea gatini, na dau linapata mita 0.25 kwa sekunde kurudi nyuma. Kani ni sawa, michapuko si sawa, kwa sababu tungamo hazilingani.

Kosa jingine limeenea mpaka katika maelezo ya ubaoni: kusema kwamba uzito wa mfuko na msukumo wa sakafu unaoubeba ni jozi ya kanuni ya tatu. Si jozi. Zote mbili ziko juu ya mfuko. Jozi ya uzito ni mfuko kuivuta Dunia juu kwa nyutoni 500. Jozi ya msukumo wa sakafu ni mfuko kuikandamiza sakafu.

Vitabu hulionyesha hili kwa mfano wa lifti. Mtoto wa Lamu anaijua zaidi mashua ya kuvukia Mokowe, upande wa bara. Mashua ikiinuliwa na wimbi kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, uzito wa mfuko wa kilo 50 unabaki 500, lakini mbao za chini lazima ziusukume kwa 550. Mashua ikishuka kwa mchapuko wa 2, msukumo unapungua mpaka 400, na hapo ndipo abiria huhisi tumbo linapanda. Kani za jozi haziachani hata mara moja. Hizi zimeachana, kwa hiyo hazikuwa jozi.

Anayetaka kuyapima haya atafute mizani mbili za springi zenye ndoano, za kupimia samaki. Husoma kilo, zidisha kwa 10 upate nyutoni. Zilaze mezani, ziunganishe ndoano kwa ndoano, mmoja ashike upande huu na mwingine ule. Avute mmoja, kisha wote wawili, kisha wavute huku wakitembea polepole. Masomo ya mizani, yaani tarakimu zinazoonyesha, yatakuwa sawa kila mara. Yasipokuwa sawa, sababu ya kwanza ya kuangalia ni sifuri: mizani iliyosawazishwa ikiwa imening'inia hupotoka ikilazwa, kwa kuwa ndoano haiivuti springi tena kwa uzito wake. Isawazishe upya ikiwa imelala. Sababu ya pili ni kutu. Hewa ya chumvi hukwamisha springi, basi igonge kidogo kwa kidole kabla ya kusoma.

Kwa mizani moja unaweza kupima msuguano. Weka jiwe la kilo 2 juu ya kipande cha ubao, uvute ubao kwa mlalo, polepole. Somo hupanda, kisha hushuka kidogo ubao unapoanza kwenda. Lile la juu ndilo kikomo cha msuguano wa kusimama, lile la chini ni msuguano wa mwendo, na ni sahihi kwa sharti kwamba kasi haibadiliki. Ukivuta kwa kuinua mkono, unapunguza mgandamizo wa ubao juu ya meza na somo linakuwa dogo kuliko inavyostahili. Ukivuta kwa kushtua, unapima na mchapuko ndani yake. Na ufagie meza kwanza, kwa sababu punje za mchanga chini ya ubao hubadilisha somo kila unaporudia.