Mishono 144 kwa mkono wa nani? Kusoma maelekezo ya kofia ya kroshia

Siku chache kabla ya Idi, mwanafunzi wangu mmoja hapa Chake Chake, Pemba, alinijia na kofia aliyomfumia mumewe. Uzi mweupe wa pamba, kazi safi, hakuna mshono ulioruka. Maelekezo aliyafuata neno kwa neno: sehemu ya juu mizunguko 24, mishono 144, kisha ushuke ubavuni bila kuongeza. Kofia ikamkaa sawasawa mtoto wao wa miaka miwili.

"Mwalimu, nimehesabu mara tatu. Nimekosea wapi?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikaitandaza kofia mezani, nikaweka tepu ya fundi juu yake: mishono 30 katika kila sentimita 10. Aliyeandika maelekezo alikuwa akipata 27. Mishono mitatu inaonekana si kitu, lakini igawe 144 kwa 2.7 kisha kwa 3, yaani mishono ya kila mkono katika sentimita moja, uone. Kwa mkono wa yule mwandishi unapata mzunguko wa sentimita 53 na kidogo, kichwa cha mtu mzima. Kwa mkono wa mwanafunzi wangu unapata 48.

Ndiyo maana simruhusu mtu aanze kofia kabla hajafuma sampuli, kipande kidogo cha kupimia mkono wake. Na sampuli ya kofia ifume kwa mzunguko, kama utakavyofuma kofia yenyewe, maana mkono ukizunguka upande mmoja tu haukazi sawa na ukienda na kurudi. Ifike upana wa sentimita 13 hivi, uifue, uikaushe, ndipo upime kati yake. Kuifua ni lazima. Pamba hujikunyata ikiingia maji, na kofia itafuliwa tu, kwa jasho letu hili.

Ukishaijua namba yako, maelekezo hayakusumbui tena. Tuseme kichwa ni sentimita 56. Kofia iwe ndogo kidogo ili ishike, tuseme 54. Kwa mishono 30 katika sentimita 10, sentimita 54 zinahitaji mishono 162. Kwa mshono mfupi, ule usiozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuichomeka, tunaanza na 6 katikati, tunaongeza 6 kila mzunguko, basi 162 ukigawa kwa 6 ni mizunguko 27. Pima na upana pia: 54 ukigawa kwa 3.14 unapata sentimita 17 na ushei. Juu ya kofia ikifika upana huo, acha kuongeza hata kama karatasi inasema endelea. Ukiona duara linajikunja kama kikombe, nyongeza ni chache. Likipinda mawimbi ukingoni, umezidisha. Mimi hulilaza juu ya meza kila baada ya mizunguko mitano na kulipapasa kwa kiganja. Kiganja huliona wimbi kabla ya jicho.

Jambo la pili linalowatesa wengi ni herufi za kufupisha majina ya mishono. Maelekezo mengi tunayoyapata kwenye simu yameandikwa kwa Kiingereza, na Marekani na Uingereza hawaiti mishono kwa majina mamoja. Herufi dc (double crochet) kwa Mmarekani ni mshono mrefu, ule unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka. Kwa Mwingereza dc hiyo hiyo ni mshono mfupi, hauzungushi kitu. Ukichanganya, kofia yako itapanda kama chetezo. Njia yangu ya kutambua ni hii: tafuta herufi sc (single crochet). Ukiziona popote, maelekezo ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Na kumbuka kwamba mshono mrefu ni mrefu kweli, kwa hiyo duara lake huanza na 12 na kuongeza 12 kila mzunguko. Hesabu ya 6 hapo haifai.

Kwa asiyependa Kiingereza nampa mchoro wa alama, kama wa vitabu vya Kijapani. Kiduara kirefu kidogo ni mnyororo, msalaba ni mshono mfupi, herufi T yenye mkato mmoja ni mshono mrefu. Unaanzia katikati na kutoka nje, kinyume cha saa kwa anayetumia mkono wa kulia. Nimeona wanafunzi wanaosuka ukili wakiushika mchoro huo upesi kuliko wenzao. Jicho lao limeshazoea kufuata mwaa mmoja unavyopita juu ya mwingine na kuzama chini.

Uzi je? Pamba, na pamba tu. Nyuzi bandia za kufumia sweta ni za bei nafuu na rangi zake zinavutia, lakini kichwani hazinyonyi jasho. Kofia zetu za viua zilizoshonwa kwa mkono zina vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na anayefuma kwa kroshia naye aache nafasi: mzunguko mmoja wa mnyororo na mshono mrefu ubavuni unatosha kuifanya kofia ipumue. Ubavu wenyewe mimi huufanya sentimita 8.

Miezi ya kaskazi, joto linapopanda, mkono ukitoa jasho uzi hauteremki kidoleni, na mshono unakaza bila mwenyewe kujua. Nilifuma kofia moja kwa siku tisa, na sehemu niliyoifanya mchana ikatoka imebana kuliko ya alfajiri, mpaka mstari ukaonekana. Niliifumua yote. Tangu hapo, kipindi hicho nafuma baada ya sala ya alfajiri tu, na kitambaa kikavu kiko mapajani.

Mwanafunzi wangu aliianza upya kwa mishono 162. Alipoimaliza tuliiloweka, tukaikamua ndani ya taulo bila kuisokota, tukaivisha juu ya bakuli lililofudikizwa ambalo tulikuwa tumelipima kwa tepu, sentimita 54, tukaiacha kivulini barazani. Usiku wa kuamkia Idi ilikuwa imekauka.